Uvujaji wa oili na ubadilishaji wa gasketi za pikipiki

Uvujaji wa oili ni hali ya oili ya injini kupenya nje kupitia maungio, sili au vizibo vyake. Gasketi ni kipande cha karatasi maalumu, bati jembamba au mpira kinachobanwa kati ya nyuso mbili za chuma ili kuziba vijia ambavyo jicho halivioni. Oili ikionekana nje ya injini, gasketi ndiyo hushukiwa kwanza na ndiyo hubadilishwa kwanza. Utaratibu huo ni wa kinyume. Mara nyingi gasketi imeshindwa kwa sababu ya presha iliyozidi ndani ya injini, uso uliopinda au bolti zilizokazwa ovyo, na fundi anayeweka mpya bila kukitafuta chanzo atalazimika kuifumua injini ile ile tena.

Historia ya pikipiki inatoa ushahidi mzuri. Pikipiki za Uingereza zenye silinda mbili sambamba, za ukoo ulioanzishwa na Triumph Speed Twin ya mwaka 1937, zilijulikana kwa kuacha madoa ya oili chini kila ziliposimama. Pistoni zake mbili zilipanda pamoja na kushuka pamoja, hivyo kila ziliposhuka hewa ya chumba cha krenki ilisukumwa itafute pa kutokea. Tena chumba chenyewe kiligawanywa kwa wima, na ungio lake likapita chini kabisa, mahali oili inapotuama. Honda CB750 ilipoingia sokoni mwaka 1969 ilikuwa na silinda nne, pistoni mbili zikipanda wakati mbili zinashuka, na chumba cha krenki kilichogawanywa kwa mlalo, ungio likiwa juu ya kina cha oili. Tofauti haikuwa ubora wa karatasi ya gasketi. Ilikuwa mpangilio wa pistoni, mahali pa ungio na usahihi wa kuchonga nyuso. Anayesema kuvuja ni tabia ya pikipiki iliyozeeka akumbuke kwamba nyingi za Uingereza zilivuja zikiwa mpya.

Somo hilo linazihusu moja kwa moja bodaboda za Afrika Mashariki, kwa kuwa karibu zote zina silinda moja, na silinda moja haina pistoni mwenzake wa kuisawazishia hewa. Bajaj Boxer BM150 ina ujazo wa sentimita za ujazo 144.8. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kiasi hicho cha hewa husukumwa na kuvutwa ndani ya chumba cha krenki mara 100 kila sekunde. Ndiyo maana kuna mpira wa kupumulia. Mpira huo ukizibwa na tope, ukikunjwa au ukipondwa wakati wa matengenezo mengine, presha hutafuta njia dhaifu zaidi, kwa kawaida sili ya gia au gasketi ya kava. Kabla ya kununua chochote, mpira huo uchomolewe injini ikiwa inaunguruma taratibu. Hewa inayotoka na kurudi kwa mapigo ni ya kawaida. Moshi mzito unaopuliza mfululizo unaonyesha kwamba ringi za pistoni zimekwisha na moto unapenya chini. Hapo hakuna gasketi itakayodumu mpaka ringi zibadilishwe.

Hatua inayofuata ni kujua oili inatoka wapi hasa, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Oili hushuka kwa uzito wake na kusukumwa nyuma na upepo wa mwendo, kwa hiyo sehemu iliyolowa zaidi si lazima iwe ndiyo inayovuja. Mpira wa kifuniko cha vali ukipasuka, oili huteremka kwenye mapezi ya silinda hadi chini, na mtazamaji huilaumu gasketi ya chini ya silinda. Kuibadilisha gasketi hiyo kunamaanisha kutoa hedi na silinda nzima, kazi kubwa isiyohitajika. Dawa ni kuosha injini kwa mafuta ya taa kisha sabuni, kuikausha kabisa, kupaka poda nyeupe na kuendesha kwa muda mfupi. Mahali pa juu zaidi na pa mbele zaidi penye doa ndipo penye chanzo.

Ikithibitika kwamba ungio ndilo linalovuja, kinachoamua matokeo ni uso kuliko gasketi. Chuma cha injini ni alumini, laini kiasi kwamba bisibisi ikitumika kukwangua gasketi ya zamani huacha mfereji ambao oili itaufuata. Kikwangulio cha mti au plastiki kinatosha kikisaidiwa na subira. Mashine ya kusugulia haifai, kwani hula uso kwa mawimbi na vumbi lake likiingia ndani huua beringi. Uso wa hedi ukaguliwe kwa rula iliyonyooka na geji ya nafasi, na upindaji unaozidi kipimo cha mtengenezaji urekebishwe kwanza. Bolti za milimita 6 za kava huhitaji kani ndogo, takriban Nm 10 hadi 12, na zikazwe kwa mpangilio wa msalaba, kidogo kidogo, kwa awamu. Kukaza kwa nguvu zote ili oili iache kuvuja hung'oa nyuzi za alumini na kupinda kava, kisha uvujaji huongezeka. Sili nayo ina kanuni yake: sili mpya juu ya shafti iliyochimbika mfereji itavuja tu, kwa hiyo shafti ipapaswe kwa ukucha kabla ya sili kulaumiwa.

Wapo watakaosema silikoni ni nafuu, huziba kila kitu, na hata viwanda huitumia. Ni kweli kwamba injini nyingi za Kijapani huunganishwa kwa gundi bila karatasi, lakini ni katika nyuso zilizochongwa kwa kazi hiyo, na gundi hupakwa utando mwembamba sana. Silikoni inayopakwa nene hubanwa ikatokea ndani, ikakatika, ikasafiri na oili hadi kwenye chujio au kijitundu cha kupeleka oili juu. Hapo injini hufa kwa ukame wakati nje ni kavu na safi. Isitoshe, gasketi ya chini ya silinda ina unene uliokusudiwa. Ukibadilika, mgandamizo wa injini hubadilika nao.

Hoja ya gharama ni nzito zaidi, maana siku moja gereji ni siku moja bila kipato. Haki ni kukubali kwamba gasketi ya kava inaweza kukatwa kwa mkono kutoka kwenye karatasi ya gasketi yenye unene uleule wa ile ya zamani, na itafanya kazi. Katoni haifai, kwa sababu hunyonya oili na kumomonyoka. Washa ya shaba ya nati ya kumwagia oili inaweza kurudiwa ikichomwa hadi iwe nyekundu, maana hulainika upya. Gasketi ya hedi haina mbadala wa nyumbani. Dereva asiye na fedha ya kazi nzima anaweza kuendelea kwa muda na uvujaji mdogo wa kava iwapo atapima kina cha oili kila asubuhi, kwa kuwa injini hizi hubeba takriban lita moja tu. Lakini sili ya shafti ya spoketi ya mbele ni suala jingine. Oili yake hurushwa na cheni hadi kwenye tairi la nyuma, na pikipiki yenye kasoro hiyo isipakie abiria mpaka itengenezwe.