Sumu ya Panya Iliyookoa Watu

Ndugu msikilizaji, huenda nyumbani kwako yupo mzee anayemeza warfarin, ile dawa inayoitwa ya kupunguza uzito wa damu. Kwa kweli damu haipungui uzito, bali inachelewa kuganda. Juma hili tuitazame ilikotoka.

Februari 1933, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, mkulima Ed Carlson aliendesha gari kilometa zipatazo 300 katika dhoruba ya theluji. Alibeba mtamba aliyekufa, majani makavu yaliyoota ukungu, na kopo la maziwa lililojaa damu isiyoganda. Ng'ombe wake walikuwa wakivuja damu mwilini hadi kufa. Mjini Madison alimkuta mwanakemia Karl Paul Link, ambaye siku ile hakuwa na tiba ya kumpa, ila ushauri tu: usiwalishe majani haya.

Carlson alirudi mikono mitupu, lakini Link hakulala. Mwaka 1939 maabara yake ilikipata kiini kilichozuia damu kuganda. Mwaka 1948 ndugu yake mkali zaidi, warfarin, akaingia sokoni kama sumu ya panya. Ilipofika 1954 ikaruhusiwa kutibu binadamu, na Rais Eisenhower alipougua moyo mwaka 1955, naye akapewa.

Huku nyuma, ngozi nayo ilikuwa ikisema. Mwaka 1965, daktari wa ngozi wa Sheffield, Uingereza, Ian Sneddon, alieleza habari za wagonjwa 6 wenye mabaka ya zambarau yaliyosukwa kama wavu wa mvuvi, na ambao pia walipata kiharusi. Mwaka 1983 Graham Hughes wa London akaeleza kingamwili zinazoifanya damu igande ovyo. Baadhi ya wagonjwa wa aina hiyo wana wavu uleule. Wengi wao leo hukingwa na warfarin.

Mara nyingi wavu huo huletwa na baridi tu, ukaondoka mwili ukipata joto. Usipoondoka, mwone daktari. Na kwenye ngozi nyeusi hauonekani upesi, basi tazama kwa makini.

Na wewe unayemeza dawa hii, usikose kupima damu. Ikizidi utavuja, ikipungua itaganda. Kati ya sumu na dawa, ndugu msikilizaji, kilichopo ni kipimo.

Hadi juma lijalo, kwaheri.