Masomo ya Sayansi ya Sekondari Kaskazini mwa Ziwa Nyasa: Kutoka Ngana hadi Matema

Ngana ni kata ya Wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, katika tambarare ya mpunga, kakao na michikichi iliyo chini ya milima ya Rungwe, upande wa Mto Songwe ambao ndio mpaka wa Tanzania na Malawi. Historia ya masomo ya sayansi kwa vijana wa eneo hili haiwezi kuandikwa kwa kuhesabu shule na madarasa peke yake, kwa sababu kwa miongo mingi kijana wa Kyela aliyetaka kuisoma sayansi kwa kina alilazimika kwanza kulihama bonde lake, na hata shule zilipomfuata kijijini, swali kubwa lilibaki kuwa ni nani atakayekishika kifaa cha jaribio kwa mkono wake na nani atakayeishia kukiona kikiwa kimechorwa kitabuni.

Mkono wenyewe ulikuwa na elimu yake zamani kabla ya kitabu kufika. Wanawake wa Kikisi, wanaoishi kwenye ukingo mwembamba wa ardhi kati ya Milima ya Livingstone na ziwa, kuanzia Ikombe na kuendelea kusini, walijua ni udongo upi unaostahimili moto na upi unaopasuka, na vyungu vyao viliuzwa Matema na kusafirishwa kwa mitumbwi hadi mbali. Juu ya milima hiyo hiyo Wakinga waliyeyusha mawe yenye chuma na kufua majembe ambayo Wanyakyusa wa bondeni waliyanunua kwa vyakula na mifugo. Kuyeyusha chuma ni kuitenganisha oksijeni na chuma kwa msaada wa makaa, jambo ambalo mwanafunzi wa kemia hulikuta baadaye kama mlinganyo wa alama na namba. Ni hasara kubwa kwamba mitaala iliyofuata haikuwahi kuwaita mafundi hao mashahidi wa somo.

Shule za kisasa zililetwa na wamisionari wa Berlin na wa Moravian, waliofika Unyakyusa mwaka 1891. Shule zao zilifundisha kusoma, kuandika, hesabu na dini, na kile ambacho leo kingeitwa sayansi kilikuwa usafi wa mwili, utunzaji wa afya na kilimo cha bustani. Chini ya utawala wa Waingereza mwelekeo huo ulipewa nguvu na Tume ya Phelps-Stokes, iliyotembelea Afrika Mashariki mwaka 1924 na kushauri elimu ya Mwafrika ifungamane na maisha ya kijijini. Ushauri huo ulikuwa na sura mbili. Kwa upande mmoja uliyatambua mazingira ya mtoto, na kwa upande wa pili uliwapa watawala sababu nzuri ya kumnyima fizikia na kemia, kwa hoja kwamba hazimhusu mkulima. Shule ya Malangali, iliyofunguliwa mwaka 1928 katika eneo la Iringa chini ya W. Bryant Mumford, ilijaribu kujenga elimu juu ya mila za Waafrika wenyewe, na ikawa mlango mkuu wa vijana wa Nyanda za Juu Kusini. Elimu ya juu zaidi ilitafutwa Tabora, na baada ya hapo Makerere nchini Uganda. Njia hiyo ndiyo aliyoipita Julius Nyerere, ambaye aliporudi na stashahada ya ualimu kutoka Makerere alifundisha biolojia, miongoni mwa masomo mengine, katika shule ya St. Mary's, Tabora.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 taifa jipya lilihitaji haraka madaktari, wahandisi na maofisa wa kilimo. Chuo cha udaktari kilianza Dar es Salaam mwaka 1963, Kitivo cha Sayansi cha chuo kikuu kikafuata mwaka 1965, na cha Uhandisi mwaka 1973. Kila kitivo kilihitaji vijana waliomaliza kidato cha sita wakiwa na masomo ya sayansi. Kwa vijana wa kusini njia hiyo ilipita Iringa, katika Shule ya Sekondari ya Mkwawa, ambayo majengo yake yalikuwa yamejengwa mwishoni mwa utawala wa kikoloni kwa ajili ya watoto wa Kizungu, na kwa hiyo Mwafrika alirithi maabara ambayo hakukusudiwa kuingia.

Katika maabara hiyo ndimo mkono wa mwanafunzi ulipoonyesha uzito wake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, wakati huo akiwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kawaida yao ilikuwa kuyachemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe na ndipo kuyaweka kwenye friji, lakini nafasi ilikuwa ndogo, na mwenzake mmoja alipowahi kuweka maziwa yasiyochemshwa, Mpemba aliingiza ya kwake yakiwa bado ya moto asije akakosa mahali. Baada ya saa moja na nusu hivi ya kwake yalikuwa yameganda, ya mwenzake yakiwa bado uji mzito. Alipouliza sababu alijibiwa kwamba amekosea, na swali lake likageuzwa mzaha, lakini hakuliacha. Baadaye, akiwa Mkwawa, alasiri moja aliikuta maabara ya biolojia iko wazi bila mwalimu, akachukua bikari mbili ndogo, yaani vyombo vya kioo vya kupimia, akatia maji ya bomba katika moja na maji ya moto katika nyingine, akaziweka kwenye friji na kungoja. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipoitembelea shule, Mpemba alimwuliza swali lile lile mbele ya wenzake waliokuwa wakimcheka. Osborne alilirudisha chuoni, akalifanyia majaribio, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha matokeo katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza. Aristotle naye aliwahi kuandika juu ya maji ya moto yanayowahi kuganda, na hadi leo wanafizikia wanabishana kuhusu sababu, na hata kuhusu masharti ambayo jambo hilo hutokea. Hata hivyo kwa historia ya elimu ya Tanzania jibu si muhimu kuliko mlango ule wa maabara uliokuwa wazi, kwani bila bikari mbili na friji swali lingebaki mzaha wa darasani.

Miaka hiyo hiyo ualimu wa sayansi duniani ulikuwa ukibadilika. Baada ya Umoja wa Kisovieti kurusha chombo cha Sputnik mwaka 1957, Marekani iliandika upya vitabu vyake vya fizikia, na Uingereza ikaanzisha mradi wa Nuffield, uliotaka mwanafunzi agundue kanuni kwa kufanya jaribio badala ya kukariri. Mawazo hayo yalifika Afrika Mashariki kupitia miradi ya pamoja ya mitaala, lakini yalihitaji vifaa na madarasa madogo, vitu ambavyo ni shule chache tu zilizokuwa navyo.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Nyerere Machi 1967, iliugeuza upya uhusiano wa mkono na kitabu. Shule za sekondari zilipewa michepuo, yaani mielekeo maalumu ya kilimo, ufundi, biashara au sayansikimu, ambayo ni elimu ya lishe, upishi na matunzo ya nyumba na ambayo kwa kawaida ilipelekwa kwenye shule za wasichana. Mwaka 1973 Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa, baada ya nchi kujitoa kwenye baraza la pamoja la Afrika Mashariki, ambalo nalo lilikuwa limeupokea usimamizi wa mitihani kutoka Cambridge, Uingereza. Wazo la mchepuo lilikuwa jema kuliko lilivyotekelezwa. Shamba la shule lingeweza kuwa maabara kubwa ya kemia ya udongo na ya biolojia ya wadudu, hasa katika bonde la kakao na mpunga, lakini mara nyingi likawa mahali pa kutimiza zamu ya kazi au adhabu, na mwanafunzi akajifunza kulitenga jembe na sayansi.

Lugha nayo ilijenga ukuta. Tangu mwaka 1967 shule za msingi zilifundisha kwa Kiswahili, na sekondari ikaendelea kwa Kiingereza. Hivyo mtoto wa Ngana, ambaye nyumbani husema Kinyakyusa, alilielewa neno usanisinuru, yaani namna mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kisha akiingia kidato cha kwanza akaanza kulisoma jambo lile lile kama geni. Tume ya Rais ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike sekondari kuanzia mwaka 1985, lakini serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, kwa hiyo hoja kwamba maneno hayapo haikuwa na msingi tena. Kilichokosekana ni uamuzi.

Mageuzi makubwa zaidi kwa bonde hili yalikuja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, na hasa wimbi la kujenga shule za kata lililoanza mwaka 2006, ambapo wananchi walichangia mchanga, matofali, fedha na nguvu zao. Kwa mara ya kwanza mtoto wa kata ya mbali aliweza kusoma sekondari akitokea nyumbani. Biolojia ilikuwa lazima kwa wote hadi kidato cha nne, na fizikia na kemia zilikuwa lazima hadi kidato cha pili tu, kisha mwanafunzi akachagua kuendelea nazo au kubaki na masomo ya sanaa. Katika shule isiyo na mwalimu wa fizikia uchaguzi huo ulikuwa umekwisha kufanywa kabla hajaulizwa. Shule zisizo na maabara zilifanya mtihani mbadala wa vitendo, ambamo mtahiniwa huonyeshwa mchoro wa bureti, bomba la kioo lenye vipimo linalodondosha asidi, akaambiwa asome kiwango cha kimiminika. Anayefanya jaribio lenyewe hudondosha asidi tone kwa tone ndani ya chupa yenye besi na kiashirio cha rangi ya manjano, akiitikisa chupa kwa mkono wa pili, hadi tone moja linapoigeuza rangi ikaelekea uwaridi, na likizidi tone moja kazi yote hurudiwa. Uangalifu wa namna hiyo hauchoreki.

Mazingira ya Kyela yana mambo ambayo mtaala wa taifa haukuyatazamia. Katika jaribio la kutambua mafuta, mwanafunzi hutia rangi iitwayo Sudani III kwenye sampuli na kutafuta utando mwekundu, lakini mawese yasiyosafishwa ya Kyela ni mekundu tayari, na mwalimu asiye na mafuta mengine hana budi kueleza kwanza kwa nini jibu linadanganya. Hilo peke yake lingetosha kuwa somo zima. Samaki wa kuchunguzwa darasani kwa kawaida ni perege, ilhali Ziwa Nyasa, ambalo maji yake chini ya mita 250 hivi hayana oksijeni, lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine duniani.

Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na biolojia, kufikia mwishoni mwa mwaka 2014, na muda huo ukaongezwa hadi katikati ya 2015. Michango ilikusanywa nchi nzima, wakati mwingine kwa ukali usiofaa, na kuta zikapanda kwa kasi kuliko mabomba, meza na kemikali. Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania, na unyevu wake hutia kutu vyuma vya vifaa na kuiyeyusha sodiamu haidroksaidi koponi iwapo kifuniko hakikukazwa, kwa hiyo ghala kavu la vifaa lina thamani sawa na chumba cha majaribio.

Anayefaulu kidato cha nne hupangiwa tahasusi, yaani kundi la masomo ya kidato cha tano na sita, kama vile PCB ya fizikia, kemia na biolojia, au CBG ya kemia, biolojia na jiografia, na mara nyingi hupelekwa shule ya bweni ya mkoa mwingine, kama walivyokwenda babu zake Malangali na Tabora. Fomu ya kujiunga anayotumiwa humtaka alete godoro, ndoo na jembe, na kwa anayesoma biolojia, koti jeupe la maabara na vifaa vya kupasulia; jembe hupatikana nyumbani, na koti hutafutwa mjini.