Ndugu ya karibu ya wanyama wenye uti wa mgongo ni nani?

Sambaza, chura, kuku na mtu, sisi wote tuko na uti wa mgongo. Ndugu yetu wa karibu inje ya kundi hilo ni tunikata: kanyama ka bahari, sawa kamfuko kenye kushikamana na jiwe, kanachuja maji tu.

Mu 1866, Mrusi Aleksandr Kovalevsky alionyesha kwamba kakiwa kangali katoto kanaogelea na mkia, na ndani yake muko kijiti chenye kunyumbulika. Mtoto wa binadamu naye anakuwa nacho mu tumbo la mama. Kenyewe kakikomaa, mkia unapotea.

Amfiokso, yenye kufanana na kasamaki, inalinda kijiti hicho maisha yote. Ndiyo maana wataalamu wengi waliiweka karibu zaidi na sisi. Mu 2006 uchunguzi wa jeni ulibadilisha mpangilio: amfiokso ikarudi nyuma, kale kamfuko kakapanda.