Saratani ya utumbo mpana: kwa nini dawa humfaa mgonjwa mmoja na isimfae mwingine?

Watu wawili wanaweza kuambiwa wana saratani ya utumbo mpana, wakapewa dawa ileile, mmoja akapata nafuu na mwingine asipate. Sehemu kubwa ya sababu imo ndani ya seli, katika njia zinazopitisha ishara za kuiambia seli ikue au itulie. Katika makala haya tunaeleza njia hizo, na kwa nini uvimbe unapaswa kupimwa kabla familia haijauza ng'ombe au shamba kununua dawa ya bei kubwa.

Saratani hii, pamoja na ile ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo, ni ya tatu kwa kuwapata watu wengi duniani. Mwaka 2022 wagonjwa wapya walikadiriwa kuwa zaidi ya milioni 1.9, na waliofariki takriban 900,000.

Ishara hupitaje?

Seli ya utumbo yenye afya haigawanyiki ovyo. Hungoja amri. Fikiria mfereji wa kumwagilia shamba wenye malango matatu: moja juu mtoni, la pili katikati na la tatu karibu na shamba.

Kwenye utando wa seli kuna protini iitwayo EGFR. Hilo ndilo lango la juu, linalopokea ishara kutoka nje. EGFR huipitisha ishara kwa protini ya RAS, lango la katikati, nayo RAS huipitisha kwa BRAF, lango la chini. Ishara ikifika kwenye kiini, seli hugawanyika. Kazi ikiisha, malango hufungwa.

Katika saratani, jeni inayotengeneza mojawapo ya protini hizi inaweza kuharibika, na lango likabaki wazi usiku na mchana. Seli huendelea kugawanyika bila amri, na uvimbe hukua. Uharibifu huu wa RAS au BRAF hutokea ndani ya uvimbe wenyewe. Mtu harithi kutoka kwa wazazi wala haambukizwi na jirani.

Kufunga lango la juu

Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha cetuximab, dawa ya kuziba EGFR. Baadaye ikabainika kuwa wagonjwa ambao RAS yao imeharibika hawanufaiki nayo. Ni kama kufunga lango la mtoni wakati maji yanabubujika kwenye chemchemi iliyo chini ya lango hilo. Kati ya wagonjwa 10, takriban 4 wana uharibifu wa aina ya RAS iitwayo KRAS. Wagonjwa hao wangebaki na gharama na vipele vya ngozi ambavyo dawa hiyo huleta, bila faida yoyote.

Kufunga lango la chini

Kwa wagonjwa wapatao 1 kati ya 10, kilichoharibika ni BRAF. Dawa ya kuziba BRAF, vemurafenib, iliwasaidia sana wenye saratani ya ngozi, lakini kwa saratani ya utumbo haikufua dafu.

Mwaka 2012 watafiti wa Amsterdam, Uholanzi, wakiongozwa na René Bernards, walieleza sababu. Lango la chini likifungwa, seli ya saratani ya utumbo hufungua zaidi lango la juu, na ishara hupata mkondo wa pembeni. Dawa ikawa kufunga yote mawili kwa pamoja. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha encorafenib, inayoziba BRAF, itumike pamoja na cetuximab.

RAS yenyewe ilishindikana kuzibwa kwa miongo mingi. Mwaka 2024 na 2025 Marekani iliidhinisha dawa za aina moja ya uharibifu, KRAS G12C, nazo hutolewa pamoja na dawa ya kuziba EGFR. Hata hivyo, aina hiyo hupatikana kwa wagonjwa 3 au 4 tu katika kila 100.

Mfereji ambao bado haujazibwa

Kuna njia nyingine iitwayo Wnt, iliyoharibika katika saratani nyingi za utumbo. Hadi sasa hakuna dawa ya kuiziba iliyoidhinishwa kwa ugonjwa huu. Ugumu wake ni kwamba ngozi ya ndani ya utumbo wenye afya hujitengeneza upya kila baada ya siku chache kwa kutumia njia hiyohiyo. Ukiifunga kwa saratani, unaweza kuumiza na utumbo mzima.

Hili linakuhusu vipi?

Dawa tulizozitaja hutumika hasa saratani ikiwa imeshasambaa. Huongeza muda wa kuishi, lakini mara nyingi haziponyi kabisa. Saratani iliyogunduliwa mapema, kwa upande mwingine, inaweza kupona kwa upasuaji.

Nenda hospitali ukiona:

- damu kwenye choo
- mabadiliko ya choo, kuhara au kufunga, yanayodumu kwa wiki kadhaa
- maumivu ya tumbo yasiyoisha
- kukonda, au uchovu na upungufu wa damu usio na sababu inayojulikana

Usijiambie tu kwamba ni bawasiri. Huenda ni bawasiri kweli, lakini anayeweza kuthibitisha ni mhudumu wa afya baada ya kukupima.

Na kama mgonjwa wenu ameshauriwa kutumia dawa ya kuziba ishara, muulizeni daktari swali moja: "Je, uvimbe umepimwa RAS na BRAF?" Kipimo hicho hufanywa kwenye kinyama kidogo kilichokatwa kutoka kwenye uvimbe. Majibu yake ndiyo yanayoonyesha ni lango lipi limeharibika, na kama dawa hiyo ina nafasi ya kumsaidia.