Masagiko, Si Vumbi la Breki

Juzi niliandikiwa barua ya heshima, na bahasha nene ikaambatana nayo: orodha ya istilahi za ufundi wa magari, niipitie na kutoa maoni. Kurasa za mwanzo zilikwenda salama. Nilipofika kwenye V nikakutana na "vumbi la breki", nikaifunga bahasha, nikaenda kuchemsha chai. Kamati iliyoiandaa sitaitaja. Baadhi ya wajumbe wake tunakutana misibani, na sipendi kununiana mbele ya jeneza.

Kitu chenyewe hakihitaji kuelezwa kwa mtu mwenye gari la rimu nyeupe au za rangi ya fedha. Ni ule weusi wenye wekundu kwa mbali unaotanda kwenye rimu za mbele kuliko za nyuma, ambao ukiuacha wiki tatu hausikii tena sabuni. Anayetaka kuushuhudia kwa wingi asimame Tunduma, pale barabara ya TANZAM inapokaribia kuvuka kwenda Nakonde. Magari ya IT, yaani yanayopita tu nchini, yaliyoteremshwa melini Dar es Salaam yanafika hapo baada ya zaidi ya kilomita 900, yakielekea Zambia na Kongo, bodi bado linang'aa kama limetoka dukani, rimu zikiwa kama masufuria ya msibani. Dereva ameteremka Iwambi mguu ukiwa juu ya breki mpaka Mbalizi. Malori yaliyo kwenye foleni pembeni yake hayaoneshi aibu hiyo, kwa sababu mengi yana breki za ngoma, na ngoma huficha uchafu wake ndani. Breki za diski ziko wazi, kila kinachosagika hurushwa nje.

Nimesema kinachosagika. Nitarudi hapo.

Kwanza tulipe neno "vumbi" haki yake, maana sina ugomvi nalo. Ni neno zuri la kale, na ndugu zake wanajulikana. Kuna kuvumbika, yaani kufukia kitu kwenye majivu ya moto au udongoni, kama tunavyovumbika ndizi ziive. Na kuna kuvumbua, kukitoa kilichofukiwa, kwa mtindo uleule wa anika na anua, bandika na bandua, funika na funua. Mimi huona vumbi ndani ya ukoo huu, na kwa macho hayo vumbi ni kitu kinachofunika: kimetoka kwingine, kimekuja kulala juu ya kitu, na chini yake kitu kimebaki kama kilivyokuwa. Ukipangusa, umevumbua. Vumbi jekundu la Tunduma wakati wa kiangazi liko hivyo hasa. Linatua juu ya gari, juu ya mahindi, juu ya kofia ya askari, na ndoo moja ya maji inalimaliza.

Hiki kingine hakikutoka barabarani. Kimetoka ndani ya gari lenyewe. Diski ni chuma cha kusubu, pedi ni mchanganyiko wa nyuzi, kaboni, vipande vya metali na gundi inayovishika pamoja, na kila unapokanyaga breki hivi viwili vinakulana. Chembe zinaruka zikiwa za moto, zinajibandika kwenye vanishi ya rimu, na nyingi kati yake ni chuma. Zikipata maji ya mvua au umande wa Mbozi zinashika kutu palepale zilipokaa, na kutu hiyo inachimba. Ndiyo maana doa huanza jeusi likaishia kahawia. Vumbi gani linaota kutu?

Msomaji atasema huu ni ubishi wa mzee asiye na kazi, jina ni jina. Basi nisimulie. Mwaka huu nilisimama Tunduma kwenye kibanda kimoja cha kuoshea magari. Kijana akanisalimia vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Hizi rimu zitarudi kuwa nyeupe?"

"Hilo vumbi tu, mzee. Dakika mbili."

Akachukua kitambaa kikavu, akapangusa. Alipangusa kwa bidii, simlaumu kwa uvivu. Lakini alikuwa anasugua unga wa chuma juu ya rangi, kazi ambayo msasa hufanya kwa ufanisi uleule, na hadi leo rimu yangu ya mbele kushoto ina mikwaruzo ya mviringo inayoonekana vizuri sana jua likiwa upande wa magharibi. Kijana hakukosea. Jina lilimwambia apanguse, akapangusa. Aliyekosea amekaa kwenye kiti chenye magurudumu, anasubiri posho ya kikao.

Wapo wapinzani wa vumbi ambao nao si marafiki zangu. Bwana mmoja, msomi, mwenye sauti inayojaza ukumbi, amekuwa akipigania "masizi ya breki". Masizi ni zao la moto uliokosa hewa ya kutosha, ndiyo yanayokaa chini ya chungu na kwenye bomba la moshi. Yametokana na kuungua. Kinachotoka kwenye breki kimetokana na kusuguana, joto ni mpambe tu wa harusi. Mwingine, labda kwa utani, alipendekeza "mavi ya breki", akitegemea kwamba Kiswahili kina "mavi ya chuma", takataka inayobaki tanuruni mawe yanapoyeyushwa. Hoja yake ina mizizi, tena katika mkoa huu, kwa sababu Wanyiha walifua chuma chao wenyewe muda mrefu kabla ya jembe la dukani. Lakini sioni mwenye gari atakayemwambia fundi maneno hayo mbele ya mkewe.

Pendekezo langu, ambalo niliwahi kulituma kwa maandishi mahali fulani na sijajibiwa hadi leo, ni masagiko. Saga, sagika, masagiko. Lugha yetu hukiita kilichobanduliwa na chombo kwa jina linalokumbusha chombo au tendo: seremala ana randa, na kinachoanguka chini ya randa ni maranda, wala hakuna kamati iliyowahi kumlazimisha aseme vumbi la randa. Mlaji akisaza, kinachobaki ni masazo. Breki ikisaga, kinachobaki ni masagiko. Hata neno breki lenyewe, ukilifuata kwao Uingereza, linakutana na jina la chombo cha kale cha kupondea mabua ya kitani ili nyuzi zitoke. Yaani tulipolichukua tulibeba kinu bila kujua, na sasa tunakataa kuuita unga wake unga.

Wajerumani, ambao hawakurupuki kwenye mambo ya magari, wana maneno mawili. Mtaani wanasema Bremsstaub, vumbi la breki, kama kamati yetu. Wahandisi wao wanasema Bremsabrieb, na hiyo Abrieb ni kilichosuguliwa kikatoka. Nilipoliona neno hilo sikulala vizuri kwa furaha. Na jambo lenyewe limekuwa zito huko: kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa mwaka 2024 imewawekea watengenezaji kikomo cha miligramu 7 za chembe za breki kwa kilomita kwa magari madogo ya kawaida ya petroli na dizeli, kwa kuwa chembe hizo huingia mapafuni. Siku sheria kama hiyo itakapofika kwetu, mwanasheria atahitaji neno lisilochanganyika na vumbi la barabara ya Momba. Kamati itakuwa imeandaa nini?

Nimepewa pingamizi moja la maana, na kwa haki ya mjadala nilitaje. Limesemwa kwamba majina ya umbo hili, mabadiliko, machafuko, masikitiko, hutaja hali au tukio, hayataji kitu cha kushikika. Nilimwuliza aliyelisema: mafuriko yakiingia chumbani kwako usiku, unalowa miguu katika tukio? Mafuriko ni kufurika, na ni maji yenyewe pia. Masagiko ni kusagika, na ni unga wenyewe pia. Akanyamaza, ingawa nadhani alinyamaza kwa kuchoka.

La pili ni kwamba watu hawatalikubali. Hili limesemwa juu ya kila neno. Kishikwambi kilichekwa sana, mpaka sensa ya mwaka 2022 makarani walipogonga hodi kila nyumba nacho mkononi, na bibi asiyejua kusoma akajifunza kukiita kwa jina. Neno linahitaji mtu wa kulibeba mlangoni.

Sasa matumizi, kwa kifupi, maana nafasi inaniishia. Masagiko hayapanguswi makavu. Acha rimu ipoe, imwagie maji mengi kwanza yale yaliyolegea yaondoke, kisha shampuu ya gari na dodoki laini, ndoo ya rimu iwe mbali na ndoo ya bodi. Yaliyong'ang'ania yanahitaji dawa ya kuyeyusha chuma, ile inayogeuka zambarau ikikutana nacho. Kiungo chake kikuu ni kilekile cha dawa za kalikiti, na harufu utaitambua kama ulipita saluni miaka ya 80. Isikaukie kwenye rimu. Suuza baada ya dakika chache. Asidi ya betri na waya wa kusugulia masufuria ni maangamizi. Rimu safi ipakwe nta ili masagiko yakose pa kushika, uoshe kila wiki, pedi zikiisha ulizia za seramiki ambazo husagika kidogo, na Iwambi uteremke kwa gia nzito, injini ikushike badala ya diski. Basi.

Nirudi kwenye jambo la msingi: hiki ni chuma kinachoota kutu, si vumbi. Ndolezi, wilayani Mbozi, kuna kimondo cha tani zipatazo 12, asilimia 90 chuma na karibu asilimia 9 nikeli. Kimelala pale kikipigwa mvua na jua, na nje kimevaa kahawia ileile inayovaliwa na rimu zangu. Nilipopita kukiona nilipitisha kidole kimoja juu yake, kisha kingine juu ya rimu, nikaonesha vidole vyote viwili kwa mwalimu mstaafu niliyekuwa naye. Akavitazama, akaniambia, "Ndugu yangu, huo wote ni uchafu tu." Mwalimu wa Kiswahili, huyo.

Kabla ya kuondoka Tunduma nilimwomba yule kijana chaki. Kwenye ubao wake palikuwa na KUOSHA, KUPIGA POLISHI, KUTOA VUMBI LA BREKI. Nikafuta mstari wa mwisho kwa kiganja, nikaandika KUTOA MASAGIKO, kwa herufi kubwa, nikamweleza asili yake kuanzia saga. Alisikiliza kwa adabu, huku akiangalia lori lililokuwa likikata kona kuingia kwake. Wiki mbili baadaye nikapita tena. Neno lilikuwepo, hakulifuta, Mungu ambariki. Chini yake ameongeza kwa mkono wake: *yaani vumbi la breki*.