Amplifaya ya Kunakili: Duka la Ngoma la London Lililobadilisha Sauti ya Gitaa

Spika zikianza kukwaruza kwenye harusi, kila mtu anamgeukia fundi mitambo. Mkwaruzo ni ubovu, si ndiyo? Sasa fikiria gitaa la umeme kwenye wimbo wowote wa roki unaoujua. Ile sauti nzito, inayonguruma na kuvuta kama inataka kupasuka, ni mkwaruzo huohuo. Tofauti ni kwamba huu watu wanautafuta kwa makusudi na kuulipia pesa nyingi.

Ilikuwaje ubovu ukageuka kuwa bidhaa? Majibu yako mengi, lakini mojawapo linapita kwenye duka dogo la ngoma magharibi ya London mwaka 1962, ambako mafundi wachache walijaribu kunakili amplifaya ya Kimarekani kwa vipuri walivyoweza kupata. Kabla hatujafika huko, tuanze na kile kichupa cha kioo kilichobeba kazi yote.

Koki ya umeme

Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa, chenye vipande viwili vya chuma ndani. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaongeza kipande cha tatu. Hapo ndipo njia ya kukuza sauti kwa umeme ilipofunguka.

Vali inafanya kazi hivi. Kathodi inapashwa moto mpaka inatoa elektroni. Anodi, ambayo imepewa volti nyingi, inazivuta elektroni hizo. Katikati yao kuna gridi, yaani waya mwembamba uliozungushwa kama wavu. Ishara ndogo kutoka kwenye gitaa ikifika kwenye gridi, inaongeza au kupunguza elektroni zinazopita. Ni kama koki ya bomba: mkono unageuza kidogo tu, lakini maji mengi yanabadilika. Ndiyo maana Waingereza wakaiita vali.

Koki ina mipaka, lakini. Ikishafunguka yote haifunguki zaidi, na ikishafunga kabisa haifungi zaidi. Mpiga gitaa akichapa nyuzi kwa nguvu huku sauti imepandishwa juu, wimbi la ishara linagonga mipaka hiyo na kichwa chake kinakatwa bapa. Wimbi lililokatwa kichwa ndilo mkwaruzo wetu.

Wahandisi wa miaka hiyo waliuona mkwaruzo kama adui. Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, aliyefungua duka lake la kutengeneza redio mwaka 1938, alikuwa miongoni mwao. Amplifaya zake zilikusudiwa kutoa sauti safi. Ya kwetu leo inaitwa Bassman, toleo la 5F6-A la mwishoni mwa miaka ya 1950, na kama jina linavyoonyesha, ilitengenezwa kwa ajili ya gitaa la besi.

Wapiga gitaa nao walikuwa na mawazo yao. Mwaka 1951, amplifaya ya Willie Kizart iliharibika safarini kabla ya kurekodi "Rocket 88" mjini Memphis. Wakasokomeza karatasi kwenye spika, wakarekodi hivyohivyo, na sauti ile ya kukwaruza ikapendwa. Mwaka 1958 Link Wray alitoboa spika zake kwa makusudi kwa ajili ya "Rumble". Unaona mwelekeo? Kiwandani walikuwa wanapambana kuondoa mkwaruzo, na jukwaani watu walikuwa wanatoboa spika ili waupate.

Hanwell, 1962

Jim Marshall alikuwa mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma. Mwaka 1960 alifungua duka la vyombo vya muziki eneo la Hanwell, London. Wapiga ngoma walikuja, na wakaja na wenzao wa gitaa. Jim mwenyewe alisimulia baadaye kwamba vijana kama Pete Townshend, Ritchie Blackmore na Big Jim Sullivan walikuwa wakimlalamikia kwamba amplifaya zilizokuwa sokoni hazikuwapa sauti waliyoitaka. Ile ya Fender ilikaribia, lakini kuiagiza kutoka Marekani ilikuwa gharama kubwa.

Fundi wa matengenezo wa duka, Ken Bran, akatoa wazo: kwa nini tusitengeneze yetu? Wakamwingiza Dudley Craven, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akijifunza ufundi kwenye kampuni ya EMI. Wakachukua Bassman, wakachunguza saketi yake, wakaanza kuijenga upya. Jaribio la kwanza halikuwaridhisha, wala la pili. La sita ndilo Jim alilosema ndiyo sauti yenyewe. Ikaitwa JTM45: herufi J na T zikiwa za Jim na mwanawe Terry, na M ya Marshall.

Ukiweka michoro ya amplifaya hizi mbili pembeni kwa pembeni, utadhani ni kitu kimoja. Lakini mafundi wa Hanwell hawakuwa na stoo ya Fender. Walitumia vilivyopatikana Uingereza, na kila badiliko lilisogeza sauti kidogo.

La kwanza ni vali ya mwanzo, ile inayopokea ishara ya gitaa. Bassman ilitumia 12AY7, ambayo kipimo chake cha kukuza ni takriban 44. JTM45 ilitumia ECC83, yenye kipimo cha takriban 100. Kwa hiyo ishara ilifika hatua za mbele ikiwa kubwa zaidi, na mipaka ya koki ikagongwa mapema.

La pili ni vali za kutoa nguvu. Baada ya muda mfupi walihamia KT66, vali ya Kiingereza ya kampuni ya GEC, badala ya zile za Kimarekani. Transfoma ya kutolea sauti nayo ilikuwa ya Uingereza.

La tatu ni spika. Bassman ilikuwa na spika nne za inchi 10 kwenye kasha lililo wazi nyuma. Marshall wakaja na spika nne za Celestion za inchi 12 kwenye kasha lililofungwa pande zote. Kasha lililofungwa linaisukuma sauti mbele na kulipa besi kifua.

Kwa nini mkwaruzo unapendeza?

Hapa fizikia inaingia, na ni fizikia tamu. Piga uzi wa A wenye mitetemo 110 kwa sekunde. Wimbi likikatwa kichwa, linazaa mitetemo mipya ambayo ni mafungu ya ile ya kwanza: 220, 330, 440 na kuendelea. Zote zina undugu na noti uliyopiga, kwa hiyo sikio linasikia sauti iliyonenepa.

Ukipiga noti mbili kwa pamoja, saketi inazaa pia tofauti na jumla zake. Chukua 110 na noti ya tano yake, 165. Tofauti ni 55, ambayo ni A ileile oktava moja chini. Yaani umepata besi ya bure! Sasa jaribu 110 na noti ya tatu kubwa, ambayo kwenye gitaa ni takriban 138.6. Tofauti ni 28.6, na hiyo haikai sawasawa na noti yoyote kati ya hizo mbili. Inasikika kama matope. Ndiyo maana wapiga roki wengi, mkwaruzo ukishapanda, huiacha noti ya tatu na kubaki na ya kwanza na ya tano. Kwa hiyo vali iligusa hata namna vidole vinavyokaa kwenye gitaa.

Mafundi waliendelea kurekebisha wakifuata masikio. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye hatua ya mwanzo ya baadhi ya amplifaya za Marshall, kapasita kubwa ya mikrofaradi mia kadhaa ilibadilishwa na ndogo ya mikrofaradi 0.68. Matokeo yake noti za chini zilikuzwa kidogo kuliko za juu, na mkwaruzo ukawa safi zaidi, kama inawezekana kusema hivyo. Badiliko la kipuri kisichozidi ukubwa wa kidole likatenganisha amplifaya ya besi na ya gitaa.

Jina kwenye kasha

Mwaka 1966 Eric Clapton alirekodi na John Mayall kwa amplifaya ya Marshall iliyopandishwa sauti kama ya jukwaani, na albamu ile ikawa kipimo cha wapiga gitaa wengi. Jim Marshall alifariki mwaka 2012 akijulikana dunia nzima, na anastahili, maana ndiye aliyesikiliza wateja, akatoa pesa na kusema "bado" mara tano. Lakini aliyeshika pasi ya kulehemu alikuwa kijana wa miaka 18, akifanya kazi kutoka saketi ya Leo Fender, ambaye naye alitumia maarifa ya vali yaliyokuwa yakizunguka kwa mafundi redio wote. Tukihesabu uvumbuzi kwa jina lililoandikwa mbele ya kasha, tunampoteza Dudley Craven, na tunaanza kuamini kwamba kunakili na kuvumbua ni vitu viwili visivyokutana. Hanwell vilikutana kwenye meza moja.

Kama umeshawishika kujenga ya kwako, sikiliza hili kwanza. Ndani ya amplifaya ya vali kuna volti 400 na zaidi, na kapasita zinaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Zinaua. Zitoe umeme kupitia rezista, pima kwa mita mpaka uone zimeisha, na mara za kwanza kaa na fundi anayezijua. Baada ya hapo kazi ni ileile ya Hanwell: badilisha kipuri kimoja tu, andika ulichobadilisha, kisha mpe mpiga gitaa ajaribu.