Kanga Mbele ya Kamera

Wale wanaodhani kuwa kuvaa nguo mpya na kusimama mbele ya kamera ili ipate kuonekana ni desturi iliyozuka juzi, laiti wangezitazama picha zilizotoka Unguja miaka ya 1900, katika vyumba vya wapiga picha wa Kigoa kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, wangetambua kwamba dada zetu waliimudu kazi hiyo zamani. Wawili husimama bega kwa bega, wamevaa sare, pazia lililochorwa nyuma yao, wametulia tuli, kwani sahani za kioo za zama zile zilitaka mwanga mwingi na subira.

Wala kanga haikuwa pambo tu. Baada ya amri ya 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa Unguja, wanawake waliokuwa wakijifunga kaniki na merikani waliingia katika kanga za rangi, wakajionyesha kuwa waungwana.

Picha hizo ziliuzwa kuwa kadi za posta, na chini yake, jambo linalonihuzunisha hata leo, yaliandikwa maneno ya kuwataja kwa jumla tu, si jina la mwenye sura. Hata wekundu wa nguo, ambao sahani zile hazikuuhisi, ulitoka mweusi. Lakini vidole vimeshika pindo kwa makusudi, mji wa kanga umenyooshwa usifichwe na kunjo, na majasi masikioni yamegeuzwa kuelekea kwenye mwanga.